Kijakazi na Boi: Swali la Fidia Katika Maandishi Mawili ya Kiswahili na Katika Mafunzo ya Mipangomiji Goma

Makala haya yanakusudia kuyasoma kwa pamoja maandishi mawili ya Kiswahili ambayo wahakiki hawana desturi ya kuyaweka juu ya meza moja. La kwanza ni riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. La pili ni masimulizi yaitwayo, kwa Kifaransa cha mwandishi mwenyewe, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Masimulizi hayo yaliandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, na Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo marefu. Riwaya ni ya Unguja na imeandikwa kwa Kiswahili ambacho kila mwalimu wa lugha angekipa alama nzuri. Masimulizi ni ya mji uitwao leo Lubumbashi, nayo yameandikwa kwa Kiswahili ambacho mwalimu huyo huyo angekijaza wino mwekundu tangu mstari wa kwanza. Lakini yote mawili yanamhusu mtumishi wa nyumba, na yote mawili yanauliza ni nini anachodaiwa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote katika nyumba isiyo yake.

Sababu ya kuyakutanisha si ya kifasihi peke yake. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iliamuru Uganda iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola za Kimarekani milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili. Mwezi Desemba mwaka huo huo sheria ya nchi ilianzisha mfuko wa taifa wa fidia kwa waathiriwa, unaofahamika kwa kifupi chake cha Kifaransa, FONAREV. Tangu hapo neno fidia limekuwa likisikika katika redio za Goma, makanisani, na katika kumbi za mihadhara. Wanasheria wamelipokea kama mali yao, na wachumi wamelipigia hesabu. Lakini wanafunzi wa mipangomiji, wa ujenzi na wa maendeleo ya vijijini, ambao kesho ndio watakaopima viwanja, kuchora barabara na kumwambia fulani ahame na fulani abaki, wanalisikia kama habari ya nyumba ya jirani. Msimamo wetu ni kwamba jambo hili ni lao kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote, na kwamba maandishi haya mawili yanaweza kuwafundisha mambo ambayo vitabu vyao vya kiada havina. Hata hivyo yasisomwe kama misahafu. Kila moja lina kasoro, na kwa somo hili kasoro hizo zina faida sawa na ubora wake.

Juu ya neno lenyewe

Kabla ya kuingia katika maandishi hatuna budi kulitazama neno. Fidia limetufikia kutoka Kiarabu, na katika matumizi ya pwani limebeba maana ya kitu kinachotolewa ili mtu akombolewe au ili kilichopotea kipate badala yake. Karibu yake lipo dia, malipo ya damu. Yote mawili ni maneno ya kutoa na kupokea: yupo mdai, yupo mdaiwa, na kipo kitu kinachopita kati ya mikono yao. Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2005 kuhusu haki za waathiriwa linataja mambo matano: kurejesha kilichochukuliwa, kulipa thamani ya kisichoweza kurejeshwa, kumponya na kumsaidia aliyeumizwa, kumridhisha kwa ukweli na heshima, na kuhakikisha kwamba uovu haurudiwi. Magazeti na redio zetu huyatia yote matano katika neno moja la fidia, na msikilizaji huelewa pesa. Mama wa Birere akiulizwa kama amepata fidia, huangalia mkono wake.

Kiswahili cha Kongo kina neno jingine ambalo wasomi wamelipuuza, nalo ni kutengeneza. Fundi hutengeneza chukudu kwa maana ya kukiunda kipya kutokana na mti, na hukitengeneza tena kwa maana ya kukirudisha barabarani baada ya gurudumu kuvunjika. Kitenzi ni kimoja kwa kazi zote mbili. Mtu anayetaka kuzungumza juu ya haki inayojenga upya, wala haiishii katika kulipa, angepata hapa neno tayari. Wapo wanaopendekeza kwamba tuseme haki ya matengenezo na kuliacha neno fidia kwa wanasheria. Hatukubaliani nao. Matengenezo ni neno lisilo na mkosaji: barabara hutengenezwa kwa sababu ya mvua, na hakuna anayeishtaki mvua. Neno fidia, pamoja na ufinyu wake, lina sifa moja kubwa, kwamba halisemeki bila mdaiwa kutafutwa. Darasa la mipangomiji linayahitaji yote mawili. Kwa kweli hatari kubwa ya taaluma hiyo ni kupenda sana la pili na kuogopa la kwanza.

Kijakazi, au mtu aliyetolewa hesabu na wengine

Katika riwaya ya Adam Shafi mhusika tunayemkumbuka si Mwinyi Fuad, ambaye amechorwa kwa rangi moja ya ubaya. Tunayemkumbuka ni Kijakazi. Jina lake peke yake ni historia: kijakazi ni mtumwa wa kike. Msomaji wa leo hulipita jina hilo kama jina la kawaida, lakini mwandishi amelichagua kwa makusudi. Utumwa wenyewe ulikuwa umefutwa kisheria Zanzibar kwa amri ya mwaka 1897, miongo mingi kabla ya Mapinduzi, na bado jina limebaki mwilini mwa mtu.

Hapa yafaa tusimame, maana amri hiyo ya 1897 haijulikani vya kutosha katika madarasa yetu. Iliruhusu fidia, na ikawapa fidia hiyo mabwana. Mtumwa aliyekwenda mahakamani kudai uhuru wake aliupata, na aliyekuwa bwana wake akalipwa thamani yake. Aliyeachwa huru hakulipwa kitu. Zaidi ya hayo, alitakiwa aonyeshe ana makao na njia ya kujikimu, la sivyo angeweza kuhesabiwa mzururaji. Mtu ambaye hajawahi kuruhusiwa kuwa na kiwanja anaulizwa kiwanja chake kiko wapi. Wengi walibaki katika mashamba yale yale wakiwa wakaazi wa hisani, na wengine walikwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Huko nako ardhi ilikuwa na wenyewe, na mwaka 1928 wakaazi wake waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea vibanda vyao. Mwanafunzi wa mipangomiji atambue kwamba amri ya ukombozi ilikuwa wakati huo huo amri ya makaazi. Fidia na ramani zilizaliwa siku moja, na zilizaliwa zikiwa zimepinda.

Kijakazi wa riwaya ni mrithi wa mpango huo. Anampenda bwana wake na anayapokea matusi yake kama mtu anayepokea majira ya mvua na kiangazi. Mapinduzi ya Januari 1964 yanapokuja, yeye hawezi kushangilia, kwani dunia aliyoijua imeanguka na hakuna aliyemuuliza. Wahakiki wa siku zile, wengi wao wakiwa wamelelewa katika nadharia ya matabaka, walimwita mfano wa mtu asiye na mwamko, na wakaisifu riwaya kwa kuonyesha jinsi anavyoamshwa. Sisi tunaona kwamba sehemu ile anapoamshwa ndiyo sehemu dhaifu zaidi ya kitabu. Mpaka Mapinduzi, kila kitu katika Kijakazi kina uzito: mikono yake, hofu yake, hata upendo wake ulio potofu. Baada ya Mapinduzi anakuwa mwanafunzi wa somo ambalo msimulizi amekwisha kulijua. Haki inafika kwa tangazo, na yeye kazi yake ni kuielewa tu.

Udhaifu huu hautokani na uwezo mdogo wa mwandishi. Umetokana na historia ambayo kitabu kinaitetea. Serikali ya Mapinduzi ilitaifisha ardhi na kugawa mashamba ya eka tatu tatu kwa familia zaidi ya 20,000. Hakuna mpango wa kurudisha ardhi katika pwani yote ya Waswahili uliofikia upana huo, na anayeudharau hajui maana ya kuwa mkaazi wa hisani. Lakini mkulima alipewa haki ya kutumia, na mwenye ardhi akawa Serikali. Mjini mambo yalikwenda kwa sura hiyo hiyo: majumba marefu ya Michenzani, yaliyosimamishwa chini ya utawala wa Karume, yalikusudiwa kuwapa watu wa Ng'ambo nyumba za kisasa zenye maji na umeme, yaani kuwaonyesha kwamba upande wa pili wa mji nao ni mji. Ili yajengwe, nyumba za watu hao hao zilibomolewa. Katika taaluma ya mipangomiji Michenzani hutajwa kama kosa la usanifu, kwamba ni zege refu lisilofuata hali ya hewa wala desturi ya baraza. Tathmini hiyo ni nyepesi mno. Michenzani ilikuwa jaribio la fidia kwa njia ya mpango wa mji, na kasoro yake ni ile ile ya sura za mwisho za riwaya: anayelipwa hakushiriki katika kuhesabu deni. Kijakazi hakuulizwa alifanya kazi miaka mingapi bila ujira.

Boi, au mtu aliyejihesabia mwenyewe

Tukitoka hapo tukaingia katika maandishi ya Yav, tunakuta hali iliyopinduka. Katika Elisabethville, mji ulioanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, hakuna aliyemgawia boi kitu chochote. Uhuru ulikuja, Wazungu wengi wakaondoka, na mtumishi akabaki na taaluma ya kupiga pasi nguo za mtu aliyeondoka. Kitu alichokifanya ni kuandika. Masimulizi yanaanza kabla ya mji kuwepo, yanapitia kuja kwa Wazungu na habari za Msiri, yanafika hadi siku za uhuru, na humo humo yanaingiza taabu za kazi na majina ya kupanga ambayo watumishi waliwapa mabwana zao. Yanaitwa vocabulaire, yaani orodha ya maneno, na msomaji wa kwanza hudhani jina limekosewa. Halikukosewa. Mtu anayetaka kudai anahitaji kwanza majina: ya watu, ya kazi, ya mahali. Daftari la majina ndiyo hatua ya kwanza ya daftari la madeni.

Thamani ya maandishi haya kwa mwanafunzi wa mipangomiji ni kwamba yanauona mji kutoka mlango wa nyuma. Ramani ya mji wa kikoloni inaonyesha mji wa Wazungu, inaonyesha makaazi ya Waafrika, na kati yao ukanda mtupu wa mita mia kadhaa. Kila kitabu cha historia ya mipangomiji Kongo kinautaja ukanda huo. Hakuna ramani inayoonyesha kwamba kila alfajiri ukanda huo ulivukwa na mamia ya watu waliokwenda kuwasha moto katika majiko ya upande wa pili, wala kwamba nyuma ya nyumba nyingi palikuwa na boyeri, chumba cha mtumishi, kilichoufanya utengano wote kuwa hadithi ya karatasi. Boi alikuwa mtu pekee aliyeijua miji yote miwili, na hakuna mpangaji aliyemwita.

Na lugha yake? Kwa miaka mingi sisi wa Kiswahili, tukiwemo tunaoandika katika majarida kama haya, tumekizungumzia Kiswahili cha Kongo kama Kiswahili kilichoharibika ambacho kingefaa kurekebishwa. Fabian alifanya jambo la busara alipoyachapisha maandishi ya Yav jinsi yalivyo, pamoja na mipaka yake ya maneno isiyotulia, na kutueleza kwamba lazima yasomwe kwa sauti ndipo yaeleweke. Walter Schicho aliongeza maelezo ya kiisimu. Hebu tuwaze kama mhariri mwenye nia njema angeyasanifisha: ungebaki mtiririko wa matukio, na ungepotea ushahidi wa mtu. Jambo hili linaihusu Goma moja kwa moja. Mwanafunzi anayekusanya ushuhuda Mabanga au Ndosho huusikia kwa Kiswahili cha Goma, huuandika kwa Kifaransa cha chuo, na mwathiriwa anayetokea katika ukurasa wa mwisho husema sentensi ambazo hajawahi kuzisema. Mahakamani jambo hilo lingeitwa kuharibu ushahidi. Vyuoni huitwa mbinu ya utafiti.

Maandishi ya Yav nayo yana upungufu, na tusiufunike kwa sababu tunampenda mwandishi. Yanauona mji kupitia kazi ya nyumbani, na hivyo mchimba madini na mkulima aliyelisha mji huo wako pembeni. Tena yanahesabu maumivu bila kuyageuza kuwa madai. Hakuna anayetajwa kuwa alipe nini, kwa nani, lini. Adam Shafi ana malipo yasiyo na hesabu. Yav ana hesabu isiyo na malipo. Ndiyo maana tunasema yasomwe pamoja.

Goma na madeni yake

Sasa tuulete mjadala huu katika mji wenyewe. Anayepanda juu ya kilima cha Goma akatazama chini ataona mambo ambayo hayawezi kuelezwa kwa lugha ya ufundi peke yake. Kusini, ukingoni mwa ziwa, ni Himbi na bustani zake. Kaskazini ni Birere, Majengo na Virunga, nyumba za mbao na mabati juu ya mawe meusi. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Mlipuko wa 2002 ulipita katikati ya mji, ukafunika zaidi ya sehemu moja ya kumi yake, ukawaacha watu wapatao 120,000 bila makao, na ukafunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege. Ndege ziliendelea kuruka kwa njia iliyofupishwa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka ikaangukia Birere, na waliokufa, wapatao 40, wengi wao walikuwa ardhini. Novemba 2019 ndege nyingine ndogo iliangukia nyumba za mtaa huo huo wa upande wa uwanja. Volkano ni kazi ya Mungu, watu husema, na hatubishi. Lakini umbali kati ya njia ya ndege na kitanda cha mtoto ni kazi ya mpangaji.

Nyuma ya lava kuna tabaka za zamani zaidi. Agizo la tarehe 1 Julai 1885 liliifanya ardhi iliyoitwa tupu kuwa mali ya Dola Huru la Kongo. Tarehe 21 Aprili 1925 ilitangazwa Mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na katika miaka iliyofuata mipaka yake ilipanuliwa juu ya mashamba na malisho ya watu. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ikapewa mamlaka juu ya ardhi kubwa kwa ajili ya walowezi. Kuanzia 1937 hadi 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Ruanda na kuwaweka Masisi, ukiwapa ardhi ambayo haikuwa ya Wabelgiji kuitoa, na ukiwaachia wenyeji na wahamiaji ugomvi ambao wajukuu wao wanauzika hadi leo. Kisha sheria ya ardhi ya Julai 1973 ikasema kwamba ardhi yote ni ya Dola, na ikaahidi kwamba haki za kimila zitafafanuliwa na agizo la Rais, ambalo wananchi walilingoja kwa miongo mingi. Mtu aliyesoma riwaya ya Adam Shafi ataitambua hali hii: ardhi imebadili bwana, na mkulima amebaki na haki ya kutumia.

Ama vita, ndivyo vinavyoonyesha jinsi fidia inavyoweza kugawanya watu waliopata maafa mamoja. Hukumu ya 2022 ilihusu Uganda, kwa hiyo inawagusa hasa watu wa Ituri na Kisangani, na mfuko maalumu wa kugawa fedha hizo, FRIVAO, uliwekewa makao Kisangani. Goma, iliyokuwa makao ya waasi wa RCD tangu Agosti 1998, ilikuwa upande wa Rwanda. Kongo iliishtaki Rwanda pia, lakini tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ile ile ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Haikusema kwamba hakuna aliyeumizwa. Ilisema kwamba hakuna mlango. Mjane wa Kisangani na mjane wa Goma walifiwa katika vita vimoja. Mmoja ana hukumu na mwingine ana kumbukumbu. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulitekwa tena na M23, na mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Mahema yaliondoka upesi kuliko jambo lolote ambalo mpangaji wa mji angeweza kulipima.

Je, kambi ni sehemu ya mji? Swali hili halina nafasi katika mitaala mingi, kwa kuwa kambi huhesabiwa kuwa jambo la misaada, na misaada ni jambo la muda. Watu waliishi huko, wakazaa, wakazika. Makaburi hayakurudi makwao.

Darasani

Tunafikiri nini basi kifanyike vyuoni? Hatupendekezi somo jipya lenye jina refu, kwani masomo mapya yenye majina marefu hupewa mwalimu wa mwisho kuajiriwa na saa ya mwisho ya Jumamosi. Tunapendekeza mabadiliko katika kazi ambayo kila mwanafunzi huifanya tayari. Kazi ya kumaliza masomo katika mipangomiji, kwa desturi, huanza na uchunguzi wa hali ya kartiye, huendelea na matatizo, na humalizika na mapendekezo kwa Serikali. Sehemu hiyo ya mapendekezo inaweza kunakiliwa kutoka kazi moja hadi nyingine bila mtu kugundua: Serikali ijenge, Serikali ihamasishe, Serikali itoe. Ni sura za mwisho za Kasri ya Mwinyi Fuad zinazoandikwa upya kila mwaka.

Mahali pa sehemu hiyo mwanafunzi aandike daftari la madeni la kartiye moja, au la avenyu moja tu kama kartiye ni kubwa. Aanze kama Yav, kwa majina: mahali hapa paliitwaje kabla ya kuitwa hivi, na nani alipaita. Kisha aandike nani aliishi hapa kabla ya 2002 na yuko wapi sasa, nani alikuwa na karatasi ya parseli na nani alikuwa mpangaji. Hapo mara moja atakutana na jambo ambalo vipimo vya kadastra haviwezi kumwonyesha. Lava inapofunika nyumba, mwenye parseli hupoteza jengo lakini hubaki na madai juu ya ardhi, hata ikiwa chini ya mita mbili za jiwe. Mpangaji hupoteza makao, majirani na njia ya kwenda sokoni, na hana kitu cha kuonyesha. Mwanamke aliyekuwa akiuza makala mlangoni pa nyumba ya mwingine amepoteza mahali pa kazi ambapo hapakuwahi kuandikwa popote. Kijakazi hana hati. Mpango wowote wa fidia unaoanza na hati umekwisha kumwondoa kabla ya kikao cha kwanza.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu, nayo ni kumtaja mdaiwa. Wanafunzi huogopa, na si kwa upumbavu. Katika mji uliotawaliwa na watu mbalimbali ndani ya kipindi cha maisha ya kijana mmoja, kumtaja mdaiwa ni hatari ya mwili. Mwalimu asiyelijua hilo asifundishe somo hili. Lakini ziko njia. Madeni ya 1885, ya 1925 na ya 1928 yanaweza kutajwa kwa sauti, na wadaiwa wake wana anwani mjini Brussels. Bunge la Ubelgiji liliunda kamati maalumu mwaka 2020 kuuchunguza ukoloni wake, na kamati hiyo ikamaliza muda wake Desemba 2022 bila kukubaliana juu ya kuomba radhi, kwa sababu, pamoja na mengine, baadhi ya wabunge walihofia kwamba radhi ingefungua mlango wa fidia. Huu ni ushahidi mzuri wa darasani: unaonyesha kwamba wenye nguvu wanaijua vyema maana ya neno ambalo sisi tunalichukulia kuwa ni pesa tu. Madeni ya karibu yanaweza kuandikwa kwa ushuhuda usio na majina ya watu, na kuhifadhiwa.

Lugha ya daftari iwe ile ya shahidi. Kifaransa kibaki kwa muhtasari, kwa ajili ya wakaguzi. Itambidi mwalimu wa mipangomiji aende kubisha hodi katika idara ya lugha, na mwalimu wa Kiswahili, ambaye amezoea kuhakiki vitabu vilivyochapishwa Dar es Salaam na Nairobi, ajifunze kuhakiki maneno ya mtu anayeeleza jinsi ukuta wake ulivyoyeyuka. Kwa kuanzia, riwaya ya Adam Shafi inapatikana pia kwa Kifaransa, kwa jina la Les Girofliers de Zanzibar, iliyotafsiriwa mwaka 1986, kwa hiyo asiyezoea Kiswahili cha Unguja hana udhuru. Maandishi ya Yav hayahitaji tafsiri mjini Goma. Yanahitaji mtu mmoja ayasome kwa sauti na wengine wasikilize, na tumeona kwamba darasa linaloanza kwa kucheka tahajia hunyamaza baada ya kurasa mbili au tatu.

Limebaki suala la mahali pa kuyaweka madaftari hayo. Ofisi ya kitivo haitoshi. Katika mji huu ofisi zimewahi kufunikwa na lava, zimewahi kuporwa, na karatasi zake zimewahi kufungia karanga. Nakala moja ibaki kwa wazee wa avenyu waliotoa ushuhuda, wenyewe wakiamua nani aione. Nakala nyingine iwe chuoni. Na ya tatu iwekwe nje ya mji, Bukavu au Butembo au mbali zaidi, kwa watu ambao wamekubali kuitunza bila kuichapisha.